Kwa nini simu yangu inazima dukani, na nyumbani inakaa mpaka usiku?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi naishi Likoni na kazi yangu ni kuuza kanga katika duka moja ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, vichochoro vya nyuma ya Biashara Street. Simu yangu ina betri ya 5000 mAh. Saa moja asubuhi naichomoa ikiwa imejaa pomoni, ikifika saa tisa alasiri imebaki asilimia 15, na hapo sijatazama hata video moja. Ni WhatsApp za wateja na M-Pesa tu. Ajabu ni kwamba Jumapili nikishinda nyumbani naitumia zaidi, na saa nne usiku bado ina asilimia 40. Betri nimebadilisha mara mbili. Fundi sasa ananiambia ninunue simu mpya. Kaka yangu anasema simu haina kosa, ni kampuni za simu zinazopunguza nguvu za minara ili ziokoe stima. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole kwa gharama za betri mbili. Simu mpya usinunue. Umenirahisishia kazi kwa kunipa jambo ambalo wanaoniuliza habari za chaji huwa hawanipi: siku mbili za kulinganisha. Simu ni ileile, mtumiaji ni yuleyule, kilichobadilika ni mahali. Betri mbovu haijui Jumapili. Ingekuwa betri ndiyo kiini cha tatizo, ingekusumbua Mji wa Kale na ingekusumbua Likoni.

Tupige hesabu kidogo. Betri ya 5000 mAh yenye volti 3.85 ina akiba ya wati-saa 19 na ushei. Dukani umetumia asilimia 85 ya hizo kwa saa nane, yaani wati-saa 16 hivi. Gawa kwa nane: simu yako inakula wati 2, dakika baada ya dakika, kutwa nzima. Jumapili umetumia asilimia 60 kwa saa kumi na tano, yaani wati-saa 11 na nusu. Gawa kwa 15, hazifiki hata wati 0.8. Kwa hiyo dukani kuna kitu kinachokula zaidi ya wati 1 ya ziada muda wote, hata kioo kikiwa kimezimwa na simu imelala juu ya meza. Jaribu kuigusa mgongoni saa tano za asubuhi. Sitashangaa ukiikuta ina uvuguvugu kama kikombe cha chai kilichosahauliwa.

Mlaji huyo ni nani? Ndani ya simu wanaokula sana ni watatu: kioo, bongo la simu, na redio, yaani kile kipande kinachozungumza na mnara. Kioo na bongo umevitumia zaidi siku ya Jumapili, na bado chaji ilikaa. Anabaki redio.

Sasa tuliangalie duka lenyewe. Nyumba za zamani za huko unazijua kuliko mimi: mawe ya matumbawe, chokaa, boriti za mikoko juu, na ukuta mnene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani kama aliyekaa barazani. Waliozijenga walikuwa wanapigana na jua, na walishinda. Lakini ukuta unaozuia joto kwa unene wake unameza na mawimbi ya redio, hasa ukiwa na unyevu, na unyevu Mombasa haukosi. Ongeza mlango wa chuma, ongeza kichochoro chembamba ambacho mnara hauonekani kutoka pembe yoyote.

Si muda mrefu nilikuwa na kazi katika nyumba moja ya aina hiyo huko Kibokoni. Nilisimama mlangoni na simu yangu, nikasoma kipimo cha mawimbi: hasi 91. Nikaingia ndani hatua kumi, nikapita ukuta wa pili mpaka kwenye chumba wanachowekea bidhaa, nikasoma tena: hasi 117. Mwenye nyumba aliniuliza kama tofauti hiyo ni kubwa. Nikamwambia asubiri nimalize hesabu.

Namba hizo ni za desibeli. Zinasomwa kwa hasi, na kadiri zinavyokwenda mbali na sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa hafifu. Kila unaposhuka kumi, nguvu iliyokufikia imegawanywa kwa kumi. Ukishuka ishirini, kwa mia. Kutoka 91 hadi 117 ni kushuka ishirini na sita, na hiyo ni kugawanya kwa mia nne. Hatua kumi tu, mara mia nne! Na safari ya kurudi, kutoka simu kwenda mnarani, inapita ukuta uleule.

Watu wengi hufikiria mawimbi hafifu ni shida ya kusikia. Kwa upande wa chaji, shida ni ya kusema. Mnara una stima yake na antena kubwa juu ya bomba. Simu yako ina betri ya kwenye kiganja. Simu ya 4G inaruhusiwa kurusha mawimbi ya hadi miliwati 200 hivi (miliwati elfu moja ndiyo wati 1), lakini ikiwa karibu na mnara hairushi hata miliwati 1, kwa sababu mnara wenyewe ndio unaoiamuru ipaze sauti au ishushe, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ukiingia nyuma ya ukuta wa matumbawe, mnara unaanza kusema: sikusikii, paza. Paza tena. Mpaka simu inafika kikomo chake. Na kifaa kinachokuza nguvu hiyo ndani ya simu hakirushi miliwati 200 kwa kula miliwati 200. Kinakula mara mbili au tatu ya hizo, zinazozidi zinageuka joto, na vipande vingine vya redio navyo vinadai chao.

Kikomo kikifikiwa mambo yanazidi kuharibika. Chukulia unazungumza na mwenzako aliye ng'ambo ya kivuko, wewe uko Likoni na yeye yuko upande wa kisiwani. Kwanza unapaza sauti. Sauti ikiisha unaanza kutamka neno mojamoja, polepole. Asiposikia, unarudia. Simu nayo inafanya vivyo hivyo: inapunguza kasi, inarudia vipande vilivyopotea, na picha ya kanga ambayo ukiwa mlangoni ingeondoka kwa sekunde mbili inakaa sekunde ishirini ikizunguka. Muda wote huo redio iko wazi kwa nguvu zake zote. Na pale mawimbi yanapokatika kabisa, simu haikati tamaa: inapekua masafa yote inayoyajua, 4G, 3G, 2G, moja baada ya jingine, ikitafuta mnara wowote utakaoipokea. Kioo kimezimwa, wewe unapima kanga na mteja, na simu iko mbioni.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu hizo WhatsApp unazosema ni "tu".

Mama anayeuza mahamri mtaani kwenu hawezi kubandika karai, akachemsha mafuta, akakaanga hamri moja, kisha akauacha moto ukiwaka akingoja pengine atatokea mteja wa pili. Atafilisika. Redio ya simu yako inafanya hivyohivyo siku nzima. Ujumbe wa "Hiyo bei gani?" ni mdogo sana, unapita angani kufumba na kufumbua. Lakini ili upite, redio inaamka, inasalimiana na mnara, inapangiwa nafasi. Ukishapita, redio hairudi kulala hapohapo. Inabaki macho, kwa 4G kama sekunde kumi hivi, ikingoja isije ikawa kuna kingine kinakuja. Waliobuni mtandao walikuwa na sababu yao: kuamsha redio kila mara kunachukua muda na kunausumbua mnara, basi bora ikae macho kidogo. Gharama ikaangukia betri.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, kampasi ya Amherst, walipima simu za 3G za wakati huo, wakakuta kwamba katika upakuaji wa kawaida karibu asilimia 60 ya nishati ilipotea baada ya kazi kwisha. Si kwenye kukaanga. Kwenye karai lililoachwa motoni. 4G imepunguza ukali kwa kuiruhusu redio isinzie vipande vidogo vidogo ndani ya zile sekunde kumi, ila tabia yenyewe ipo mpaka leo.

Ukishaelewa hilo, hesabu ya WhatsApp inabadilika. Meseji mia moja zikija kwa mkupuo, karai linawashwa mara moja tu. Meseji mia moja zikija moja kila dakika, ni sekunde kumi mara mia moja, yaani dakika 17 za moto kwa maneno ambayo yangejaa ukurasa mmoja. Zikija moja kila sekunde nane, moto hauzimwi kabisa. Na wewe mfanyabiashara, najua una makundi: la wauzaji wa jumla, la chama, la harusi ya binamu, la wazazi wa madrasa, la mtaa. Utaniambia umeyanyamazisha. Kunyamazisha kunazuia mlio. Meseji zenyewe zinaingia kama kawaida, na kila moja inaamsha redio. Kundi ambalo hulisomi, ondoka. Kama adabu haikuruhusu kuondoka (la harusi hata mimi nisingethubutu), basi angalau zima upakuaji wa picha na video wa otomatiki, kwa sababu salamu za asubuhi zenye maua na njiwa ndizo mzigo mkubwa unaopenya ukuta wako kila siku.

M-Pesa haina hatia. Ukipitia menyu ya laini, ni maneno machache yanayokwenda na kurudi. Simu ya mulika mwizi inayafanya na inakaa na chaji siku kadhaa.

Kuna laini ya pili pia. Hukuitaja, lakini sijakutana na mfanyabiashara wa Mombasa mwenye laini moja. Kila laini inasikiliza mnara wake kivyake. Kama mtandao wa laini ya pili hauingii vizuri humo ndani, hiyo ndiyo itakayokuwa inapekua masafa kutwa, kwa ajili ya laini unayoikumbuka unapotaka bando la bei nafuu. Izime kwenye mipangilio ukifika kazini, uiwashe ukitoka.

Sasa kaka yako. Usimcheke, ana nusu ya ukweli, na ni nusu ambayo mimi mwenyewe nimeiona kwa macho.

Miaka ya nyuma niliwahi kufanya kazi ya kukarabati mitambo ya minara. Usiku mmoja, saa tisa, nilikuwa chini ya mnara mmoja upande wa bara, ndani ya kile kijumba cha mitambo. Nje hakuna gari, hakuna mtu, hata mbwa wamenyamaza. Wanaopiga simu saa hiyo labda ni watatu. Nikatazama mita ya stima nikitarajia kuikuta imeshuka sana. Ilikuwa imeshuka kidogo tu kulinganisha na mchana. Kiyoyozi kinanguruma, vikuza mawimbi vimepata moto, kila kitu kinafanya kazi kwa ajili ya watu watatu. Nilikaa pale juu ya ndoo nikifikiria ni minara mingapi nchini inawaka namna hiyo.

Sababu ni kwamba mnara wa 4G haujui kunyamaza. Hata kusipokuwa na mteja, lazima utangaze kuwa upo, ili simu yoyote itakayopita iuone na ijipime nao. Kila milisekunde moja unarusha alama zake, mara elfu moja kwa sekunde. Ni manamba wa matatu aliyesimama stejini usiku wa manane, hakuna abiria hata mmoja, naye anaita "Mtwapa! Mtwapa! Mtwapa!" bila kuvuta pumzi. Waliounda 5G waliliona hilo wakalirekebisha: mnara wa 5G unaweza kutangaza kila baada ya milisekunde 20, na viwango vinaruhusu nafasi hiyo ivutwe hadi 160. Katikati ya tangazo na tangazo, vikuza mawimbi vinapata usingizi. Ni usingizi wa kufumba jicho, lakini ukijumlisha usiku mzima si haba.

Na ndiyo, kampuni zinalaza sehemu ya mitambo. Mnara mmoja huwa na tabaka kadhaa za masafa. Yale ya juu yanabeba data nyingi lakini hayafiki mbali. Ya chini yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri zaidi. Watu wakipungua, tabaka za juu zinaweza kuzimwa, linabaki la chini kulinda eneo. Hata hivyo hilo ni jambo la usiku wa manane, wakati wewe umelala Likoni. Saa nne za asubuhi siku ya kazi, katikati ya mji, ndipo mtandao unapouza. Mfanyabiashara kama wewe hawezi kufunga nusu ya duka saa ya wateja.

Isitoshe, hata mnara ukiongeza nguvu zake mara mbili, taabu yako haipungui. Utausikia vizuri zaidi, vijiti vya mtandao vitaongezeka kwenye kioo, lakini wenyewe hautakusikia wewe vizuri zaidi. Mwenye sauti ndogo ni simu yako, na ukuta uko palepale.

Basi tufanye nini. Jumatatu ukifika dukani, fungua mipangilio, ingia kwenye habari za simu, kisha hali ya SIM. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, yaani zile desibeli za hasi. Isome mahali unapoiweka simu kila siku, uiandike. Isome juu ya meza ya mbele, isome mlangoni, isome dirishani. Ipe kila sehemu dakika moja, maana namba inachezacheza. Kwa 4G, ukiona hasi 85 au 90 uko pazuri. Ukivuka hasi 110, hapo ndipo zile wati 2 zinapoliwa. Kama simu huwa inakaa kwenye droo ya chuma pamoja na pesa, utashangaa mwenyewe. Wengine wanatatua tatizo lote kwa kuisogeza simu mita mbili.

Wewe huenda mita mbili hazitoshi, kwa hiyo nakupa ninayoiona kuwa tiba yenyewe. Huko nyumbani lazima kuna simu ya zamani, kioo kimepasuka au haina nafasi, lakini inashika 4G. Itie laini ya data, iweke kwenye dirisha au juu ya mlango, pale uliposoma namba nzuri, uichomeke kwenye stima, uwashe hotspoti. Simu unayotumia iunganishe kwa waifai, data yake ya laini uizime. Kuanzia hapo anayepiga kelele na mnara ni yule aliyechomekwa ukutani, naye yuko mahali ambapo hana haja ya kupiga kelele. Simu yako inanong'ona na jirani aliye mita tano.

Waifai ina faida nyingine inayotokana na namna ilivyobuniwa. Kituo cha waifai kinatoa tangazo kama mara kumi kwa sekunde, na ndani ya tangazo kuna orodha: fulani ana mzigo, fulani hana. Simu inalala, inaamka kusikiliza orodha, ikiona haina mzigo inarudi kulala. Ikiwa nao inauchukua, na ndani ya sekunde moja imeshasinzia tena. Hakuna karai la kuachwa motoni sekunde kumi. Simu za kawaida za sauti na ujumbe wa M-Pesa vitaendelea kupitia laini yako kama zamani, na kwa hilo redio inahitaji kuamka kidogo tu, kila sekunde moja au mbili, kusikiliza kama inaitwa.

Angalizo moja hapo: usije ukaifanya simu unayotembea nayo ndiyo hotspoti ya wenzako dukani. Hapo unakuwa umebeba mizigo yote miwili, ya mnara na ya waifai, na redio zote mbili hazilali.

Kwenye kivuko nako, kwa kuwa najua utaniuliza. Feri ikiwa imejaa, watu wote wale wanagombea minara michache, na data inakwenda kwa foleni. Ukiacha video ipakue hapo katikati ya maji, redio inakaa wazi dakika zote za kuvuka kwa kazi ambayo nyumbani ingechukua nusu dakika. Meseji moja mbili haidhuru.

Yale mengine unayoyasikia nitayapitia haraka. Kufuta programu zote kwenye orodha kila baada ya dakika tano hakusaidii. Programu ikifunguliwa upya inaanza kazi upya, na hiyo ni chaji. Programu za "kuokoa betri" zenye matangazo zinapakua matangazo, nawe sasa unajua tangazo moja linawasha nini. Rangi nyeusi kwenye kioo ina maana kama kioo chako ni cha OLED, yaani kile ambacho kila nukta inajiwashia mwanga wake, na hata hapo inategemea mwangaza: watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walipima mwaka 2021 wakakuta mwangaza ukiwa kati ya asilimia 30 na 50 unaokoa asilimia 3 hadi 9 tu, wakati kwenye mwangaza wa asilimia 100 unaokoa kati ya 39 na 47. Ndani ya duka lenye kiza hutaona tofauti. Ushauri wa kuiweka simu kwenye 2G unafaa siku unayotaka kupokea simu za sauti tu; kwa data ni hasara, kwani kazi ya sekunde moja inakuwa ya dakika nzima. Na kama simu yako ni ya 5G na mtandao huo unaingia na kutoka humo ndani, ifunge kwenye 4G.

Kuna kitu kimoja cha bure ambacho simu yako inacho tayari. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu ikitulia mezani kioo kimezimwa, haijachomekwa, mfumo unaanza kuzikusanya kazi za programu zisizo na haraka na kuzitoa kwa mafungu. Ndiye mama wa mahamri mwenye akili: anasubiri oda zifike kumi ndipo abandike. Lakini ukiinyanyua kila dakika mbili kutazama saa, unavunja fungu. Vaa saa. Na uwashe kiokoa data, halafu uiruhusu WhatsApp peke yake ipite. Hizo nyingine zingoje mpaka uzifungue.

Nimalizie na betri zako mbili, maana fundi naye tusimdhulumu. Inawezekana kabisa kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeanza kuchoka kweli. Betri za lithiamu hazipendi joto. Watengenezaji wa simu wanaonya kwamba kukaa juu ya nyuzi 35 kunapunguza uwezo wake moja kwa moja, na hicho kilichopungua hakirudi. Alasiri ya kaskazi, Februari au Machi, hewa ya Mombasa yenyewe imeshapita 30. Juu yake weka simu inayounguza wati 2, ndani ya kava nene la mpira, kisha saa tisa hiyohiyo inachomekwa kwenye chaja ya haraka ikiwa bado ya moto. Kwa hiyo betri iliugua, ila aliyeiambukiza ni ukuta, na ukiweka betri mpya palepale itaugua vilevile. Ukilazimika kuchaji dukani, ivue kava kwanza, iache ipoe dakika chache.

Hiyo simu ya zamani nayo itakaa kwenye chaja kutwa nzima, kwa hiyo kama ina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, uwashe. Na kabla hujaipigia msumari kwenye fremu ya dirisha, tazama jua la saa nane linaingilia upande gani. Iweke upande wa kivuli, hata kama namba itapungua kwa desibeli mbili tatu.